Kreni Yenye Bili Ndefu

Nilianza kazi ya kutafuta wafasiri wa Kiingereza kwenda Kifaransa nikiwa sijui Kifaransa, na sioni haya kusema kwamba niliiweza. Asubuhi ya kwanza laoban, yaani bosi wetu wa ofisi ya tafsiri, alinikabidhi faksi ya sura moja ya kitabu cha shule cha elimu ya wanyama. "Ukipata mfasiri, kazi ni yako," akasema. "Ukikosa, rudi kwenu Dar." Nilikuwa nimemaliza masomo huko Guangzhou, China, na kurudi sikutaka hata kidogo.

Nyinyi mnatafuta watu kwa kompyuta. Sisi, mwishoni mwa miaka ya tisini, tulitafuta kwa miguu. Nilikwenda Xiaobei, mtaa wenye wafanyabiashara wengi wa Kiafrika, nikaulizia Wakongo kwenye migahawa ya barabara ya Huanshi Zhonglu, hasa wa Lubumbashi, kwa kuwa wanajua Kiswahili. Mbinu yangu ilikuwa hapo: mtu akishatafsiri, namwambia anisomee Kifaransa chake kwa Kiswahili. Tuliiita tafsiri ya kurudi.

Wa kwanza alikuwa bwana mtanashati, bingwa wa hati za mizigo. Nilimpa sentensi ya Kiingereza inayosema korongo ana mdomo mrefu. Alimaliza kabla chai haijapoa, akanisomea bila kusita: "Kreni iko na bili murefu."

"Bili gani tena, kaka?"

"Ya bandari, dada. Kreni ikifanya kazi sana, bili inakuwa murefu."

Kwa Kiingereza korongo na kreni ni neno moja, na mdomo wa ndege na bili vilevile. Nilicheka mpaka machozi, kisha nikaingiwa na hofu, maana laoban alitaka jibu kesho yake.

Wa pili alikuwa Mama Bea, mnunuzi wa viatu aliyewahi kufundisha elimu ya wanyama sekondari. Aliitazama ile karatasi, asiandike kitu.

"Dada, hii picha ni ya korongo wa taji. Huyu mudomo wake iko mufupi. Nitafsiri maneno ao nitafsiri ndege?"

Nilimpeleka kwa laoban siku ileile. Akakunja uso. "Nimeomba mfasiri, umeniletea mtu wa maswali. Mteja akiulizwa, ataona hatujui kazi."

"Laoban, aliyejibu haraka alimpa ndege bili ya bandari. Tuma hilo swali. Likituaibisha, nafunga mizigo yangu mwenyewe."

Akatuma. Jibu lilipokuja, mteja alishukuru: sentensi ilikuwa ya korongo mwingine, naye hakuwa ameliona kosa. Akataka aliyeuliza atafsiri kitabu kizima. Laoban aliisoma faksi mara mbili, akaniambia, "Kesho uwahi kazini."

Niliwahi kazini mpaka nilipostaafu. Kila mfasiri mpya nilimpa sentensi ileile, na kosa lake, na picha yake. Wengi waliandika upesi, nikawaaga kwa heshima. Wachache waliinua kichwa wakauliza, "Ndege gani huyu?" Hao niliwaagizia chai ya pili.