Nusu ya Kochi

Mama Povu alikuwa amefikia hatua ya kuujua mlango kabla haujafunguliwa. Akisikia ndala zinaburuzwa kuja halafu zinasimama, alijua kuna jicho kwenye tundu la kitasa. Akiona pazia linatikisika na upepo hakuna, alijua wenyewe wamo na hawatoki. Na sauti nzito ya mtu mzima ikisema kutoka ndani, "Mwenye nyumba hayupo," yeye alijibu kwa adabu zote, "Akirudi msalimie," kisha akaenda zake lango la pili. Mwanzoni mambo hayo yalimchekesha mpaka akawa anawasimulia wanawe jioni. Siku hizi hasimulii kitu. Akifika nyumbani anaomba maji ya kuloweka miguu.

Jina hilo la Mama Povu alipewa na watoto wa mitaani kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa akiuza dawa ya kusafishia makochi na mazulia, nyumba kwa nyumba, begi begani na brashi mkononi. Zamani alikuwa mfuaji katika hoteli, akishinda kwenye mvuke na mashuka ya watu asiowajua, na alikuwa ameizoea kazi hiyo. Hoteli ikafungwa, na watu wa umri wake hawaitwi kwenye kazi nyingine kirahisi. Binti wa jirani akamwambia kuna kampuni inatafuta watu wenye ulimi. Ulimi alikuwa nao. Kuhusu miguu hakuna aliyemuuliza.

Sasa tusidanganyane: biashara ya kubisha hodi imezeeka. Anayetaka dawa ya kochi siku hizi anaibonyeza kwenye simu huku amejilaza kwenye kochi lenyewe, na ataletewa. Malango yamewekwa kengele zenye jicho, zinazokutazama bila kukuamkia. Na wenye nyumba tusiwaonee. Mtu katoka kazini, kavua viatu, anataka kukaa kidogo bila kuulizwa neno. Hodi ikipigwa moyo unamruka, anadhani ni ndugu au ni habari mbaya, kumbe ni mtu mwenye tabasamu la kazini aliyekuja kumweleza kwamba nyumba yake ni chafu. Hata mimi ningejificha chini ya meza.

Lakini hayo usingemweleza msimamizi wa Mama Povu, kijana mmoja wa suruali ya kubana aliyekuwa anatembelea gari. "Mlango ni mlango," alikuwa akiwaambia wauzaji wake. "Ukikataliwa, ujue umekataliwa wewe, si bidhaa." Kila muuzaji alipewa chupa moja ya maonyesho kwa wiki, na kanuni ya kutumia chupa hiyo ilikuwa moja tu: safisha nusu. Nusu ya kochi, nusu ya zulia, na usimalize hata ukiombwa. "Nusu utakayoiacha ndiyo itakayouza," alisema msimamizi. "Wewe utaondoka, lakini mwenye nyumba atabaki anatazamana na uchafu wake." Mama Povu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kulirudisha shuka likiwa limefuliwa upande mmoja, aliiona kanuni hiyo ni ya kihuni. Akaifuata, kwa kuwa alikuwa na watu wa kuwalisha.

Wiki ile msimamizi alimvuta kando, ingawa hakujisumbua kupunguza sauti. Mama Povu alikuwa hajauza kitu kwa muda mrefu. Chupa hii ikiisha bila kuuza, aliambiwa, arudishe begi na kitambulisho.

Basi alikuwa na chupa nzima siku aliyosimama kwenye lango moja la kijani, jua limemkalia utosini, akapiga hodi huku tayari anageuza mguu wa kuondoka.

"Karibu!" sauti ikajibu, na lango likafunguka pale pale.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, gauni zuri la maua, kitambaa kichwani. Mama Povu alishtuka kukaribishwa hata nusura asahau maneno yake. "Habari za hapa, mama mwenye nyumba?"

Yule mwanamke akatazama nyuma, kama anayeangalia kama kuna mwingine anayeitwa hivyo. Halafu akanyoosha mgongo. "Nzuri tu. Pita ndani."

Sebuleni kulikuwa na kochi kubwa na makochi mawili ya mtu mmoja mmoja, yote ya rangi ya kahawa. Mwanamke akakaa kwenye lile kubwa, akakunja nne. Mtu aliyekwishasoma milango mingi kama Mama Povu alipaswa kuona mapema kwamba gauni lile lilimpwaya mabegani, na kwamba alikaa ukingoni kabisa, mkono umeshika kochi kama kitu cha kuazima. Lakini uchovu nao ni upofu wa aina yake. Alichoona yeye ni mteja. Akapiga magoti mbele ya kochi dogo, akamwaga dawa, akaanza kusugua, huku maneno ya kampuni yakimtoka yenyewe.

Povu likawa jeusi. Akalifuta kwa kitambaa, na chini yake ikatokea rangi ya maziwa.

"Hee!" Mwanamke aliruka akasimama. "Kumbe ni jeupe? Siku zote nalipangusa hili kochi, nikajua ndivyo lilivyo!"

Mama Povu alitabasamu. Nusu ilikuwa imekwisha, na mpaka kati ya maziwa na kahawa ulikuwa umenyooka kama uliochorwa na rula. "Unapangusa mwenyewe, mama? Huna msaidizi?"

Yule mwanamke alilitazama kochi, uso ukawa unabadilika taratibu.

"Msaidizi ndiyo mimi," akasema.

Mama Povu alikaa chini pale pale sakafuni.

"Sasa kwa nini hukuniambia pale nje?"

"Uliniita mama mwenye nyumba." Dada wa kazi alisema hayo bila kumtazama. "Nikasema ngoja niwe kidogo, mpaka utakapotaja bei. Gauni lenyewe kanipa mama mwenyewe. Sikujua kama utaanza kusugua." Halafu akaona vizuri kilichotokea, akashika kichwa. "Dada, nimekwisha! Huyu mama hataki mgeni avuke hili lango. Aliyenitangulia alimwaga unga kwa sababu hiyo hiyo, alimwingiza muuza mashuka, simu ikapotea. Akirudi akakuta kochi lina sura mbili nitasema nini? Na leo anawahi."

Mama Povu aliitazama chupa. Alikuwa na kila sababu ya kufunga begi na kumpa kisogo. Mtu aliyemdanganya alikuwa anavuna alichojitakia. Aliwaza hivyo kabisa, na ningekuwa mwongo nikisema hakuwaza. Lakini mwanamke yule alikuwa ameanza kulisugua kochi kwa kiganja kikavu, akijaribu kuusukuma ule mpaka usionekane, na Mama Povu hakuweza kuvumilia kutazama.

"Toka hapo," alisema. "Lete ndoo. Tumalizie hili moja."

Wakamalizia. Wakasimama kulitazama, na wote wawili wakaona kwa pamoja kwamba sasa mambo ndiyo yameharibika. Kochi moja lilikuwa la maziwa, na mawili ya kahawa. Mwanzo ilikuwa nusu tu inayowasema, sasa liliwasema kochi zima.

"Mungu wangu," akasema dada wa kazi.

"Usimsumbue. Lete maji mengine."

Wakahamia la pili. Dawa ilikuwa inapungua, Mama Povu akaichanganya na maji, akaichanganya tena. Mmoja alisugua, mwingine akafuta, kisha wakabadilishana. Walizungumza maneno machache ya watu wanaohema. Dada wa kazi alikuwa na mtoto anayelelewa na bibi yake, na mshahara wake karibu wote uliishia huko. Mama Povu alisema naye ana watoto watatu na wote wanakula kama wana mashindano. Walipofika kwenye kochi kubwa, chupa ilikohoa mara moja, ikatoa tone, ikanyamaza. Mama Povu aliitikisa. Alijua maana yake vizuri sana. Akaitia maji, akaisukasuka, akamwaga yale maji ya kuoshea chupa kwenye pembe ya mwisho, akasugua kwa mikono miwili. Mgongo ulimuuma na macho yalimwasha, na alikuwa amechoka uchovu ule wa kutaka kulala palepale kwenye majimaji. Hata hivyo kazi ilikuwa nzima. Tangu aache ufuaji hakuwahi kumaliza kitu.

Wakafungua mlango na madirisha, wakawasha feni. Mama Povu akapitishwa jikoni, akazungukia uani. Alikuwa ndiyo anashika komeo la lango, lango likasukumwa kutoka nje, akakutana uso kwa uso na mwenye nyumba.

Ulimi ukamwokoa. "Habari za kazi, mama? Napita kuonyesha dawa ya makochi. Nilikuta lango wazi, nilikuwa ndiyo nataka kubisha hodi."

Mwenye nyumba alikuwa mwanamke mnene mwenye mafaili kwapani, miguu imevimba ndani ya viatu. Alishusha pumzi ndefu.

"Dada yangu, naomba unisamehe. Kila siku hapa ni hodi, hodi. Nilinunua sufuria kwa wenzako, zikabanduka hata sijazizoea. Mwingine kaja na mashuka, kaondoka na simu yangu. Najua si nyote. Lakini mtu akiwa mlangoni anacheka, mimi nitamjuaje mwema ni yupi?"

Lilikuwa swali la haki.

Mwenye nyumba akataka kupita, jicho likaingia sebuleni, akasimama. "Ni nini hiki?"

Dada wa kazi akatokea mlangoni, mikono nyuma. "Nimesafisha makochi, mama."

Mwenye nyumba aliingia, akagusa, akakuta ni mabichi, akazunguka akagusa mengine. Akacheka kicheko cha mtu aliyeshinda siku nzima bila habari njema. "Haya ndiyo yangu? Haya niliyonunua mwenyewe?" Kisha akarudi kizingitini, akamwita Mama Povu kwa mkono. "Hebu njoo uone! Njoo, usiogope."

Mama Povu akaenda. Akasimama kizingitini, akayatazama makochi kama mgeni.

"Unaona? Sabuni ya kawaida na mikono ya mtu. Sasa nyinyi mnaozunguka na michupa, mnatuuzia nini hasa?"

Kulikuwa na majibu mengi. Dada wa kazi, nyuma ya mwenye nyumba, alikuwa amefumba macho.

"Kweli, mama," Mama Povu alisema. "Yamependeza. Una mtu mchapakazi, usimwachie."

"Simwachii ng'o!" Akamgeukia dada wa kazi. "Kumbe unaweza! Basi tusirudi tulikotoka. Kila Jumamosi tutayafanya hivi hivi." Alisema tutayafanya, kama vile na yeye angeshika brashi. "Haya, msindikize, ufunge."

Langoni dada wa kazi alimshika Mama Povu mkono. Vidole vyao wote wawili vilikuwa vimekunjamana kwa maji.

"Dada," akanong'ona. "Chupa moja mnauza bei gani?"

Wiki nzima Mama Povu alikuwa akizungukia swali hilo. Hakuna aliyewahi kumfikisha hapo. Milango yote ilifungwa kabla ya bei. Maneno yakamjaa mdomoni yenyewe: inalipwa kidogo kidogo, unaagiza leo unaanza kulipa mwisho wa mwezi, weka sahihi tu hapa. Sahihi moja, na kitambulisho kingebaki shingoni mwake. Msimamizi alisema kweli, nusu huwa inauza. Ila ilikuwa imemnasa mtu asiye na kochi.

"Usinunue," alisema.

"Sasa Jumamosi nitafanyaje?"

"Kochi halichafuki kwa wiki moja, mdogo wangu. Pitisha kitambaa chenye sabuni, washa feni, mwambie tayari. Hata akiligusa atakuwa katoka kazini, nguvu ya kukagua hana."

Dada wa kazi alitikisa kichwa kukubali, lakini mkono hakuuachia. "Na wewe? Chupa yako tumeimaliza."

"Mimi naenda kuoga," alisema Mama Povu. "Funga lango, anakutazama."

Lango likafungwa, na komeo likasukumwa mpaka mwisho. Mama Povu alitembea mpaka nyumba ya pili, akashindwa. Akakaa kwenye jiwe kando ya ukuta, begi tupu mapajani, akavua kiatu. Hakuwa amebisha wala kugusa kengele, lakini dirisha likafunguka juu ya kichwa chake.

"Leo hatununui, mama!"

"Na mimi siuzi," akajibu bila kuinua uso. "Napumzika tu."

Aliyekuwa dirishani alisimama kidogo, hakuamini, akafunga.