Bundi wa Mama Mashine

Bonde lile lina wageni wengi. Mbayuwayu huja na mvua na kuondoka bila kuaga, na korongo nao ni hivyo hivyo. Ila bundi wa mti ulio nyuma ya mashine ya kusaga, kando ya mto, hakuwahi kwenda popote. Masika alilowa hapo hapo, kiangazi vumbi lilimpata hapo hapo. Mama Mashine, mjane asiye na mtoto, alimwamkia kila asubuhi kabla ya kuwasha injini.

Taabu ilikuwa wateja. Watu husema bundi ni uchuro, na nani anataka unga wenye uchuro? Kwa hiyo kila alfajiri mama huyu alifagia vidonge vya manyoya na mifupa anavyovitema bundi, akavitupa mtoni. Alifanya hivyo miaka sita bila kumwambia mtu.

Lakini za mwizi ni arobaini. Siku moja wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alimwona yule bundi mchana kweupe. Kesho yake akaja na mkata miti.

"Wifi, leo mti huu unalala. La sivyo, sote tunahamia mashine ya ng'ambo."

Mama Mashine asubuhi hiyo alikuwa amechelewa kuamka, hata ufagio hakuugusa. Mkata miti akazunguka shina akitafuta pa kuanzia, akakanyaga kidonge kimoja. Akainama kukichambua.

"Hiki kichwa cha panya," alisema. "Na hiki. Humu mna panya watatu, na vidonge viko tisa."

Kwenye foleni ya wateja kila mtu akachungulia ndoo yake.

"Kumbe," wifi alisema polepole, "ndiyo maana unga wa hapa hauna mavi ya panya. Wa ng'ambo nilikuwa nauchekecha mara tatu."

"Na mimi nikafagia ushahidi miaka sita," Mama Mashine alisema, akacheka hadi machozi yakamtoka.

Mkata miti alishaanza kuufunga msumeno wake kwenye gunia. "Mama, bundi huyu ana watoto? Ghala langu linaliwa."

"Wawili. Bado wadogo."

"Basi wakikua, mmoja nipe mimi."

Wifi akamkazia macho. "Upewe kama nani? Hapa watoto hawatoki bila kuulizwa shangazi yao."