Mti wa Viwavi wa Nyamoita

Mchana kutwa Nyamoita aliuza dawa za kuua wadudu sokoni Nyakoe. Jioni akirudi nyumbani, alilisha viwavi. Aliwafuga barazani ndani ya chandarua, kwa hamu tu ya kuona nondo wapana kama kiganja wakizaliwa. Walikula majani ya omosocho peke yake, na bomani mti huo ulikuwa mmoja.

Baba mkwe alipofariki, wanaume waliukata wapate kuni za matanga. Angewaambia nini, kwamba wadudu wake watakufa njaa? Aliwawekea viwavi majani ya mpera. Wakatambaa juu yake bila kuyagusa kwa mdomo.

Jikoni moshi ulitanda.

“Kuni hizi mbichi hazishiki,” mama mkwe akamwambia. “Hebu puliza, mwanangu.”

Nyamoita akapiga magoti, akapuliza.