Kinyozi na Matairi Yanayong'aa

Kwa wateja Kinyozi alikuwa mkali, lakini kwa gari lake alikuwa mtumwa. Lilikuwa gari dogo jekundu, la milango mitatu, fupi nyuma, lenye injini inayonguruma kuliko umbo lake. Kila Jumamosi alifunga saluni mapema, akalikogesha kwa shampuu nzuri kuliko aliyowapaka wateja, akalipiga nta, kisha akapitisha brashi ya kunyolea kwenye vitundu vya hewa. Mkewe, mkunga asiyejua kumung'unya maneno, alisema tangu waoane hajawahi kusuguliwa mgongo namna hiyo.

Alikuwa na haki ya kununa. Kinyozi aliking'oa kiti cha nyuma ili gari liwe jepesi kwa mbio, na walipokwenda kumpokea mama mkwe stendi, ilibidi mkunga ampishe kiti cha mbele, yeye akarudi nyumbani kwa mguu. Na hizo mbio zenyewe? Miaka nenda miaka rudi, Kinyozi alikuwa bado "anajiandaa".

"Baba watoto," mkewe akamwambia jioni moja, "Jumamosi twende wote huko uwanja wa mbio. Nionyeshe kinachokuchukua. Nisipokiona, tunaliuza."

Kinyozi alikosa raha. Alilipenda lile gari kupita kiasi, na alijua mkewe hatishii nyau. Basi akafanya kazi ya maana: akabadilisha pedi za breki, akamwaga mafuta ya breki ya zamani akatia mapya, akakaza nati za magurudumu, akapima upepo. Angeishia hapo. Lakini mkono wa kinyozi haujui kumruhusu mtu aondoke bila kupakwa kitu. Jumamosi walipofika uwanjani, mkewe alipokuwa akilipia getini, akachukua mafuta ya kung'arishia matairi akayapaka matairi mazima, hadi pale panapokanyaga barabara.

Kisha wakavaa kofia ngumu, wakafunga mikanda, wakaingia njiani pamoja na magari mengine. Kona ya kwanza tu, gari likagoma kukata. Likateleza, likajizungusha, likaingia majanini kinyumenyume, matope yakaruka mpaka juu ya paa. Injini ikazimika. Kinyozi akabaki ameshika usukani, machozi yakimlenga. Kwisha habari yake.

"Umeyapaka nini haya matairi?" mkewe akauliza.

"Mafuta. Nilitaka uyaone yanapendeza."

"Mimi kutwa napokea vitoto vinavyoteleza, baba watoto. Sijawahi kukiongezea kimoja mafuta. Washa gari, uende polepole mpaka yaishe."

Akazunguka polepole, lami ikayala yale mafuta. Kisha akakanyaga. Safari hii gari likaing'ang'ania kona. Jiwe likaligonga mlangoni, naye kwa mara ya kwanza maishani hakujali. Alikuwa na furaha ya mtoto aliyeachiwa baiskeli. Mara mkewe akampiga kofi la paja.

"Huyo wa mbele mbona humpiti?"

Akampita.

Waliposimama, mkunga alivua kofia, uso umelowa jasho. "Haliuzwi," akasema.

Kinyozi nusura abusu boneti.

"Ila Jumamosi ijayo naendesha mimi, peke yangu. Wewe mzito."

Kinyozi akajipapasa tumbo, maana kwenye suala la uzito mkewe alikuwa sahihi.