Mashine Moja kwa Kanzu Mbili

Mwenya hushona nguo katika mtaa wa Kamalondo, katika chumba cha mbele cha nyumba aliyoachiwa na mama yake. Ana mashine moja ya umeme, na kwa mashine hiyo amesomesha watoto watatu. Mwezi wa tano alipewa kazi ya kanzu arobaini za kwaya. Dédé, msimamizi wa kwaya, alimletea mkataba wa Kifaransa, kurasa mbili. Mwenya aliandika chini yake "lu et approuvé", yaani nimesoma na nimekubali, kwa mwandiko mzuri wa shule. Hakuwa amesoma. Kwetu kusoma mbele ya mwenye karatasi ni kama kumwambia humwamini.

Aliusoma mkataba wiki ya mwisho, kanzu kumi zikiwa bado. Kifungu cha sita kilisema: akichelewa hata siku moja, mashine inakuwa mali ya kwaya. Tangu hapo alishona hadi usiku. Kila pikipiki iliposimama nje alidhani ni Dédé, na mguu wake uliachia pedali.

Siku ya kukabidhi zilikuwa tayari thelathini na nane. Dédé alizihesabu, kisha akaweka mkono juu ya mashine.

"Mama Mwenya, usinikasirikie. Karatasi njo inasema, si mimi."

"Papa Dédé, bitambaa uliletaka siku gani?"

"Ile ni ingine."

"Siku gani?"

"Mardi," alisema, yaani Jumanne.

"Na karatasi ilisema vendredi, Ijumaa ya kabla. Siku ine. Weye ulichelewa, ulipoteza nini?"

"Eh! Leo umekuwa avocate wa korti?" Alicheka, lakini mkono haukutoka.

"Nauliza tu. Kanzu mbili na mashine, biko sawa? Zile mbili, usinilipe. Lakini mashine, papa, njo mikono yangu."

Jirani yake Léa, aliyekuwa mlangoni akisubiri blauzi yake, akadakia:

"Papa wa kwaya, dimanche kanisani utaimba ukiangalia wapi?"

Dédé alifungua mkataba, akakisoma kifungu cha sita taratibu. Akakiri kwamba alikinakili kutoka mkataba wa rafiki anayekopesha watu pikipiki na kuzichukua wakichelewa kulipa. Akakikata kwa mstari, wote wawili wakatia sahihi pembeni. Kanzu mbili zingekuja kesho yake, bila malipo.

Dédé alipoondoka, Mwenya alikaa kuzimalizia. Ilimchukua muda mrefu kupitisha uzi kwenye sindano.