Mama Marie-Jeanne Hasemewi

Yvette anasuka nywele Glenwood, kwenye chumba kilichobanwa kati ya duka la fotokopi na duka la kuku wa kukaanga. Mimi ni mteja wake tangu nilipotoka Meru kuja kusoma hapa Durban, na habari zote za Wakongo wenzake ninazozijua nimezipata nikiwa nimeinamishwa kichwa kwenye kiti chake. Anavuta nywele kama anayeng'oa muhogo. Ukilalamika, anacheka.

Baada ya kumzika mama yake aliacha kucheka. Alisuka kimya, na kimya hicho kilinitisha kuliko mkono wake.

Mkasa wenyewe wateja wote tuliujua. Januari alikwenda Brussels kumchukua mama yake, Mama Marie-Jeanne, aliyekuwa amekwenda kumtembelea binti yake mkubwa. Siku ya kurudi ndege iliharibika, wakalala uwanjani, sakafuni. Mzee alivua koti na kitenge chake akamfunika Yvette, kisha yeye akakesha na baridi mpaka asubuhi. Alifika Durban anakohoa, na kifua hakikupona. Siku zake za mwisho aligeukia ukuta, hakusema na mtu.

"Nililala sawa na mutoto, Kagendo," Yvette aliniambia. "Mama anasikia baridi, mimi nalala. Amekufa na kasirani juu yangu."

Nilimwambia si kweli. Hakunisikia.

Mimi ndiye niliyeleta habari ya fidia. Ndege ya safari ndefu inayoondoka Ulaya ikichelewa kiasi kile kwa ubovu wake, kila abiria ana haki ya euro mia sita. Nilimwambia adai mwenyewe: aiandikie kampuni ya ndege, aambatanishe tiketi, wakikataa aandike tena. Mume wake, Hardy, anayefanya kazi kiwandani Jacobs, alinikatiza. Iko watu wa kudai kwa niaba yako, alisema, wanakata theluthi lakini wana mawakili. Barua ya msusi nani ataisoma? Niliudhika, maana alikuwa na hoja.

Yvette alitaka pesa ya kujengea kaburi. Lakini zaidi alitaka mtu fulani, yeyote, aseme kwamba ule usiku haukuwa kosa lake. Akachagua wale wadai.

Aliweka sahihi kwa kidole kwenye simu. Wakaomba na ya abiria wa pili, yaani mama. Aliogopa wakijua amekufa watalitupa dai lote, basi akaiweka na ya mama yake.

Hapo ndipo alipokosea, na kwa mama mwingine lisingekuwa kosa. Mama Marie-Jeanne alikuwa hasemewi. Zahanati, kanisani, kwenye ofisi ya karatasi za ukimbizi, popote walipomletea mkalimani alimsogeza pembeni kwa kiwiko, akawamwagia Wazulu Kiswahili chake cha Bukavu, mikono juu, mpaka waelewe. "Minajisemea," alikuwa akisema, na kweli walimwelewa.

Mchana mmoja nikiwa kwenye kiti, simu ya Yvette iliita. Mikono yake ilikuwa na mafuta, akaifungulia spika. Alikuwa Gosbert, Mtanzania anayehudumia wateja wa ile kampuni ya madai.

"Samahani dada Yvette. Abiria wa pili ametupigia. Anasema hajaweka sahihi, na hahitaji kusemewa."

Mikono ilisimama kichwani mwangu.

"Nani amepiga?"

"Mama. Kwa namba iliyo kwenye tiketi."

Binti mkubwa alikata tiketi zote kwa namba ya mama, kama ilivyo desturi ya nyumba ile; shule, zahanati, kanisa, kila kitu kilipita kwenye simu ya mzee. Na simu hiyo tuliizika. Nilikuwepo. Hardy aliizima, akaiweka chini ya kiganja cha marehemu, akisema bila simu yake mama hatapata usingizi.

Nilianza kueleza kwamba labda namba amepewa mtu mwingine, labda ni matapeli. Nilieleza vizuri, kama niko darasani. Wakati huo nywele zilikuwa zimenisimama, hata zile zilizokwisha kusukwa.

"Kaka," Yvette alisema polepole, "mama alikufa. Ile sahihi ni mimi niliweka."

"Pole sana, dada. Lakini simu zetu zinarekodiwa. Unataka kusikia?"

Niliomba moyoni akatae.

Kwanza tulisikia magurudumu ya masanduku. Sauti ya mwanamke ikatangaza lango la kupandia ndege kwa Kifaransa. Mbali, mtoto analia. Kisha kikohozi, na kikohozi kile nilikijua, kilikuwa kimekaa kwenye saluni hii wiki nzima karibu na dirisha. Kisha sauti ya chini, ya mtu anayeongea kando ya aliyelala.

"Mimi sikuweka sahihi. Minajisemea mwenyewe."

"Sawa mama," alisikika Gosbert. "Basi naomba niongee na binti yako."

"Analala. Musimuamushe. Amebeba mizigo siku yote, amechoka. Mimi sisikii baridi. Muache mutoto wangu alale."

Magurudumu tena. Simu ikakatika.

Yvette aliketi sakafuni katikati ya nywele akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Nilimkumbatia, nusu ya kichwa changu ikiwa imefumuka. Niliogopa sana, sifichi, na nilimwonea wivu pia, kwa kuwa na mama wa namna hiyo.

Kesho yake aliliondoa dai kwa wale watu. Aliiandika barua yake mwenyewe, kwa Kifaransa, kwenye meza yangu, na aliukataa msaada wangu. Kampuni ya ndege imemkatalia mara ya kwanza, naye ameandika tena, na bado tunangoja. Hardy anasema tumepoteza muda.

Mimi niliisoma kabla haijatumwa. Alijidaia yeye peke yake. Mahali pa abiria wa pili hakuandika amefariki. Aliandika kwa Kiswahili, herufi kubwa, kama anayeandika mlangoni: Analala. Musimuamushe.