Koti la Mawe

Faradji, mume wa Saidati, alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Mbugangari. Mwaka mzima ungemkuta barazani ameinamia kitambaa, mpole, mchache wa maneno, asiye na ugomvi na mtu. Siku za mashindano tu ndipo alipokuwa mtu mwingine. Wazungu wa Gisenyi walikuwa na chama chao cha pikipiki, na kila kiangazi walishindana kutoka ufukweni mwa ziwa, wakapanda njia ya Nyundo mpaka Mahoko, wakarudi. Mwafrika hakuruhusiwa kushika usukani. Lakini pikipiki zenye kigari ubavuni zilihitaji mtu wa pili, wa kujitupa huku na huku ili chombo kisipinduke kwenye kona, na wazungu wengi hawakuipenda kazi hiyo. Mlowezi mmoja mwenye shamba la kahawa, ambaye watu walimwita Bwana Vumbi, alimchukua Faradji.

Mara ya kwanza Saidati alimwona akiwa amesimama na wanawake wenzake juu ya kona ya Sebeya. Kona ile ina mikunjo miwili: wa kulia, na kabla hujapumua, wa kushoto. Pikipiki ilipoingia ule wa kwanza, Faradji alitoka nje ya kigari karibu mwili mzima, mkono mmoja tu umeshika chuma, sikio nusura liguse barabara. Kisha akaruka kurudi, akalala nyuma ya mzungu upande wa pili. Wanawake walipiga kelele. Saidati aliuona uso wa mumewe ukicheka, kicheko ambacho hakuwahi kukileta nyumbani.

"Unasikia nini pale?" alimwuliza jioni ile.

Faradji alifikiri sana. "Mi sisikii kitu. Hata jina langu sisikii. Iko muzuri sana, Saidati."

Jibu lile lilimwuma, naye hakujua amshtaki nani.

Bwana Vumbi alikuwa na desturi yake. Kabla ya kila shindano alimpandisha Faradji kwenye mizani ya kahawa boharini kwake, kwa kuwa waliwahi kushinda kwa uzito fulani na hakutaka upungue hata kidogo. Mwaka wa hamsini na moja shindano liliangukia ndani ya Ramadhani. Faradji alifunga, akashona kanzu za Idi tangu asubuhi hadi magharibi, akakonda mpaka mkanda ukahitaji tundu jipya. Na rafiki yao Nzeyimana, mvuvi mwenye kifua kama mlango, alikuwa amekwisha kuambiwa na Bwana Vumbi akae tayari.

"Kula basi," Saidati alisema. "Siku moja tu. Utairudisha nyuma ya Idi."

"Nikule sababu ya pikipiki? Mungu atanicheka."

"Donc basi, muachie Nzeyimana kiti."

Faradji aliweka mkasi chini. Alikuwa na macho ya mtu aliyeletewa habari ya msiba. Baadaye akatoa shauri: koti lenye bitana mbili, katikati ya bitana vifuko, na ndani ya vifuko mawe madogo ya ziwani. Mizani itatosheka, na atakayedanganywa ni mzungu, si Mungu. Walicheka wote wawili. Kwa kuwa Faradji alikuwa na kanzu za watu za kumaliza, Saidati ndiye aliyeokota mawe, na Saidati ndiye aliyeshona. Alishona vizuri, uzi maradufu, yasichezecheze.

Hakuna kati yao aliyefikiri kwamba nyama ya mwili huitika mwenyewe anapoiita, na jiwe haliitiki.

Asubuhi ya shindano mizani ilisimama pale pale palipotakiwa. Nzeyimana alimzunguka mwenzake akitikisa kichwa.

"Eh, Faradji! Wengine wanafunga wanakonda, we unafunga unanenepa? Nifundishe hiyo dini."

"Kuja musikitini, nitakufundisha."

"Pombe iko?"

"Haiko."

"Bon, basi baki na kiti yako."

Watu walicheka, na Saidati, aliyesimama nje ya uzio, akacheka pamoja nao. Kisha akadandia lori la waliokwenda kutazama, akapanda nalo mpaka kona ya Sebeya.

Faradji alitoka nje kama zamani. Mkunjo wa kushoto ulipokuja, alijivuta kurudi. Saidati aliuona mkono ukivuta, akauona mgongo ukinyanyuka kidogo, kisha ukashuka, kama kapu linalomshinda mbebaji. Koti lilimbakisha nje. Pikipiki ikapinduka upande wake, ikamlalia.

Nzeyimana, aliyekuwa pale konani, ndiye aliyelikata koti kwa kisu chake cha samaki. Mawe yalimwagika. Alimtazama Saidati, kisha akayasukuma mtaroni kwa mguu kabla Bwana Vumbi hajatoka katika shamba la maharage alimotupwa, suruali imechanika, akitukana kwa Kifaransa.

Daktari alisema Faradji ataishi, ila kutoka kiunoni kushuka chini hapana kitu tena. Cherehani ya kukanyaga ilifunikwa shuka. Masika yote Saidati alingoja mumewe amlaumu, na mumewe aliomba maji, akashukuru.

Kiangazi kilichofuata Nzeyimana alikuja, akakaa ukingoni mwa kitanda cha Faradji.

"Muzungu ameniita. Nisipande?"

"Usipande."

"Iko hatari, ndugu yangu?"

"Hapana," Faradji alisema. "Iko yangu."

Nzeyimana aliinama, akaaga. Siku ya shindano alipanda.

Kutoka Mbugangari injini zilisikika zikienda, zikapotea, na baada ya muda mrefu zikarudi. Kelele za watu zilieleza kwamba wote wamefika wazima. Faradji alikuwa ametazama ukuta. Hapo Saidati akayatoa maneno aliyoyatunza.

"Ni mi nilishona lile koti. Ningekukatalia, ungekula, ama ungebaki nyumbani. Niambie kitu, Faradji. Hata kibaya."

Aliugeuza uso kutoka ukutani, akamtazama.

"Wakinirudishia miguu kesho," Faradji alisema, "nitalivaa tena."

Saidati alimgeuza ubavu, akamtengenezea mto, akatoka nje. Watu walikuwa wanarudi kutoka barabarani, wamejaa vumbi na furaha, wakimwamkia shemeji, dada, mama. Aliwaitikia mmoja mmoja, kwa kila jina walilomwita.